Kinu cha Dhahabu Uani Kwetu Makongeni

Mwaka ule ambao baba alikataa kutoka nje, kuku wa jirani walitaga ndani ya kinu cha dhahabu.

Kinu kilikuwa uani, nyuma ya nyumba yetu ya reli hapa Makongeni, Nairobi, kati ya kamba za kuanikia nguo na mfereji wa maji tunaotumia pamoja na majirani. Kusema kweli hakikuwa kinu bado. Kilikuwa vipande: sanduku la chuma lenye mdomo mpana, ambamo kuku waliona pametulia, michi mitatu ya chuma, kila mmoja mrefu kunishinda, gurudumu kubwa, shafti, na vyuma vitatu vilivyopinda kama pembe za ng'ombe. Ukiviunganisha, gurudumu huzungusha shafti, pembe huinua mchi, pembe ikipita mchi huanguka kwa uzito wake wote, na jiwe lililo chini huwa unga. Ni kinu na mchi, kama vya kutwangia mahindi, ila hapa aliyekuwa akitwanga alitaka mlima mzima uingie ndani.

Baba alivileta kutoka kwao Kakamega kimoja kimoja, kwa hisani ya madereva wa malori ya mahindi. Mashine yenyewe ilikuwa imelala kichakani kwenye shamba la ukoo tangu wachimbaji waondoke. Baba alikuwa fundi wa mashine katika karakana ya reli hadi alipostaafu, na mpango wake ulikuwa kukiunda upya, kisha kukirudisha, kikasimame kwenye uwanja wa shule ya msingi aliyosomea. Alikuwa ameshafungua karibu kila kitu, amelowesha nati zilizokwama kwa mafuta taa, na kununua mataruma ya zamani ya reli ya kutengenezea fremu. Ndipo kiharusi kikamkuta siku moja asubuhi, akiwa ameshika tupa.

Aliporudi kutoka hospitali alitembea, ingawa mguu ulibaki nyuma kidogo. Mdomo ulivutwa upande. Mkono wa kulia ulining'inia tu. Alivaa sweta hata jua likiwaka, akauvuta mkono wa sweta hadi ukafunika vidole, na akahamia chumba cha nyuma. Wageni waliambiwa amelala. Mchungaji aliambiwa amelala. Chakula alikula peke yake, mlango umefungwa, kwa sababu kwao mtu mzima hali kwa mkono wa kushoto mbele ya watu.

Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani na riwaya niliyokuwa nikiandika, iliyokwama, na begi la nguo. Jioni moja nilimkuta mama amekaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma akichambua maharagwe. Nikamuuliza daktari alisema nini kuhusu mkono.

"Alisema huenda usirudi," mama akajibu. Akatoa kijiwe kwenye maharagwe akakitupa. "Mkono nimeusamehe. Mimi namtaka mwenyewe. Namtaka atoke kwa huu mlango, kwa miguu yake, watu wakiwepo."

Hilo tu ndilo alilolitaka, na hakuna aliyejua njia ya kulipata. Tulijaribu kumbembeleza, tukajaribu kumwombea, tukamleta rafiki yake wa karakana kutoka Huruma, mtu ambaye walifanya kazi pamoja tangu ujana, akakaa sebuleni saa nzima akizungumza na mlango uliofungwa. Alipoondoka alimwambia mama, "Shemeji, huyo yuko ndani kabisa."

Jirani yetu muuza matumbo, mwanamke mwenye sauti ya kusikika hadi Jogoo Road, hununua bidhaa zake machinjioni Kiamaiko alfajiri na kuzioshea kwenye mfereji wetu. Yeye ndiye mwenye kuku. Siku moja akiokota mayai kwenye sanduku alisema, "Mathe, si uuze tu hizi vyuma? Wale wa vyuma kuukuu walikuwa hapa jana wanaziangalia na jicho mbaya."

"Haziuzwi."

"Sasa zinafanya nini?"

"Zinalaza kuku wako. Waambie walipe nyumba."

Jumamosi iliyofuata mama alivaa koti la kazi la baba, la buluu, lililomfika magotini. Akachukua nyundo na spana. Akajipanga chini ya dirisha la chumba cha nyuma, hasa hapo, ingawa vyuma vingi vilikuwa upande wa mfereji, akaanza kuigonga nati moja iliyokwama kwa nyundo. Hakuwa akiifungua. Alikuwa akiigonga tu, kwa bidii, kama mtu anayeua nge.

Kwa fundi wa reli sauti ile ni kama kusikia mtoto wako anapigwa. Pazia lilitikisika.

"Nani anapiga nati yangu?" Maneno yake yalikuwa mazito, yanateleza pembeni mwa mdomo, lakini ndiyo yaliyokuwa marefu zaidi kuyasikia tangu hospitali.

"Ni mimi."

"Inakukosea nini?"

"Imekataa kufunguka."

"Haijakataa! Unaiharibu! Weka hiyo nyundo chini. Ifunge kwanza kidogo, ndiyo uifungue. Kidogo! Mwanamke, wewe ni wa wapi?"

"Wa Machakos," mama akasema, akaiinua nyundo tena.

Kuanzia siku hiyo pazia lilibaki wazi kiasi cha kiganja. Tulifanya kazi chini ya dirisha, mama na mimi, na sauti yake ikituongoza kutoka gizani. Mama alikuwa na hila moja tu na aliitumia bila haya. "Sikusikii!" alikuwa akipaza sauti. "Toka useme hapa nje." Naye baba alikuwa akijibu, "Masikio unayo mawili." Lakini hakutoka.

Kwenye kizingiti cha dirisha aliweka jiwe jeupe lililotoka kwao, lenye madoa ya kutu. Nikipumzika alinifundisha. Alipenda kunidharau kidogo kwa ajili ya mji nilikozaliwa. "Hapa Nairobi mmekalia majivu," alisema. Mawe ya kijivu ya kujengea, yanayochimbwa Njiru, ni majivu ya volkano yaliyoshikana. Ni mawe machanga. Mawe ya kwao yalikuwa yameshazeeka, yamekunjwa na kuchomwa mara nyingi, kabla hata volkano zetu hazijawaka. Katika nyufa za mawe hayo ya kale maji ya moto yalipanda kutoka chini sana, yakiwa yamebeba vitu vilivyoyeyuka, na yalipopoa yaliacha mishipa ya jiwe jeupe. Humo ndimo dhahabu ilimobaki.

"Inaonekana?" nikauliza, nikiligeuza jiwe lake.

"Mara chache. Ni kama chumvi kwenye mchuzi. Ulimi unajua ipo, jicho halioni. Ndiyo maana lazima upige jiwe mpaka liwe unga, halafu uoshe. Unga unaenda na maji, dhahabu ni nzito, inabaki."

Habari za wachimbaji wenyewe alizisimulia kwa vipande, kama alivyovileta vyuma. Wakati wa ukoloni, mazao ya walowezi yalipokosa bei, waliacha mashamba yao wakaja na mahema. Walipiga vigingi kwenye mihogo ya watu. Ardhi ambayo serikali ilikuwa imesema ni ya wenyeji milele, ilipogundulika ina kitu tumboni, milele hiyo ikawa fupi. Babu yangu aliajiriwa akiwa kijana kulisha kinu: kusimama mbele ya michi na kutupa mawe mdomoni mwa sanduku. Bibi alikuwa mtoni na wanawake wengine, wakiosha mchanga kwenye karai. Babu alitoka kwenye kazi hiyo akiwa hasikii vizuri. Nilimkuta mzee, naye alizungumza kwa kupiga kelele hata alipokuwa akisali.

Mama alisikia simulizi hiyo akipaka grisi shafti. Akainua kichwa. "Sasa wewe kinu kilichomziba baba yako masikio unakipendea nini?"

Baba aliligeuza jiwe jeupe pale kizingitini.

"Alikishika kila siku," baba akasema. "Na bado kipo. Kitu kingine cha mkono wake sina."

Mama hakumtania tena siku hiyo.

Kulikuwa na sehemu moja ambayo haikuwa ya chuma. Mchi unapopanda na kushuka hupita kwenye matundu ya mbao nene, juu na chini, ili usiyumbe. Mbao za awali zililiwa na mchwa zamani. Baba alikuwa amenunua mvule wa kutengenezea nyingine lakini hakuwa ameugusa. Tulipofika hapo sauti dirishani ilinyamaza. Kazi ile ilihitaji mikono miwili inayojuana.

"Hiyo niachie," mama akasema.

Babu upande wa mama alikuwa mchongaji. Alichonga vifaru na twiga vya kuuziwa watalii, na nyumba nzima ilikula kutokana na vifaru hivyo. Mama hakuruhusiwa kushika tezo, shoka dogo la kuchongea, akiwa msichana, ila alifundishwa kazi ya mwisho, kama wasichana wote wa nyumba za wachongaji: kusugua kwa msasa, mkali kisha laini, mpaka mbao iwe kama ngozi ya mtoto, halafu kupaka rangi ya viatu na kung'arisha kwa kitambaa. Tezo alijifundisha mwenyewe, akimtazama baba yake. Nilikuwa sijawahi kumwona akiishika. Alikaa chini kwenye gunia, akaubana mvule kwa nyayo zake, akaanza, na mkono wake ulikuwa na mwendo ambao sikuujua, mwepesi, usio na haraka. Nikaona kwamba dirishani pazia limefunguliwa lote.

Alimaliza wiki iliyofuata. Tulifunga mbao kwenye fremu ya mataruma, tukapitisha mchi wa kwanza, mama akautikisa.

Ko-ko-ko-ko.

"Ni nini hiyo?" baba akauliza.

"Ni mchi."

"Mchi haupigi kelele hivyo. Niletee hiyo mbao."

Tuliifungua, mama akampelekea dirishani. Baba aliitazama kwa muda. Akaingiza kidole cha mkono wa kushoto kwenye tundu, akakizungusha. Kisha akaisogeza puani.

"Hii ni rangi ya viatu?"

"Ya kahawia," mama akasema. "Nyeusi ingeficha mistari ya mbao."

"Na ndani ya tundu umepiga msasa."

"Sana. Gusa vile iko laini."

Sauti iliyotoka kwa baba ilinitisha kwanza, kwa sababu ilitoka upande mmoja tu wa mdomo, kama bomba lenye hewa. Ilinichukua muda kuelewa kwamba anacheka. "Mkamba wewe," alisema alipopata pumzi, machozi yakimshuka, "nimekuomba mbao ya kinu umenichongea twiga! Umesugua tundu mpaka limekuwa mlango. Mchi unacheza rumba humo ndani!"

"Si lakini inapendeza?"

"Inapendeza! Ipeleke sokoni wazungu wainunue!"

Mama alisimama pale na mikono kiunoni, amekasirika kweli na kufurahi kweli, vyote viwili usoni pake.

Ilibidi kuanza upya. Baba alieleza kwamba tundu liachwe likiwa na makwaruzo, libane kidogo, kwa sababu chuma chenyewe kikipanda na kushuka kwenye grisi kitajitafutia nafasi. Kwa mama hilo lilikuwa gumu kuliko kuchonga. Kuacha kazi bila kuilainisha kwao ni uvivu, ni aibu ya familia. Nilimwona mara kadhaa akiunyoosha mkono kuelekea msasa, halafu akiurudisha. Na kwa kuwa kubana kidogo ni neno tu mpaka kidole kiguse, adhuhuri moja, majirani wakiwa kazini na ua ukiwa mtupu, mlango wa nyuma ulifunguka na baba akatoka. Alishika ukuta, akafika kwenye fremu, akaugusa mchi palipoingia kwenye mbao kwa ncha ya kidole cha kushoto, akatikisa kichwa, mama akachonga kidogo, akagusa tena, akakubali. Geti la mbele lilipolia alirudi ndani haraka kuliko nilivyodhani anaweza.

Hivyo ndivyo tulivyoendelea. Alitoka ua ulipokuwa mtupu. Mama alisema anashukuru, lakini usiku mmoja alipokuwa akikunja nguo niliona anakunja shati lile lile mara ya pili na ya tatu.

Siku ya kukijaribu ilikuwa Jumapili baada ya kanisa. Haikuwezekana kuficha. Rafiki wa Huruma alikuja kusaidia kuzungusha gurudumu, na Makongeni nzima ilikuwa imeshanusa kwamba kuna jambo. Watu walijaa uani na nguo zao za ibada, wengine wakikaa kwenye beseni walizogeuza. Muuza matumbo alikuwa amewafungia kuku wake. Kwenye sanduku tuliweka mawe meupe ambayo baba mdogo alitutumia kutoka Kakamega kwa gunia, na maji kidogo.

Rafiki alikamata gurudumu, akaliachilia. "Sikizungushi bila fundi wake," akatangaza.

Tulitazama mlango. Mama hakuutazama. Alikuwa akifuta grisi kwenye vidole vyake kwa kitambaa, kimoja kimoja, kwa makini makubwa.

Baba akatoka. Alikuwa amevaa sweta, mkono umevutwa hadi chini. Watu wote walimgeukia kwa namna ile inayomfanya mtu atamani kurudi alikotoka, lakini alifika hadi kwenye fremu akasimama karibu na shafti. "Zungusha," akasema.

Rafiki yake hakusogea. "Mikono, Fundi."

Katika karakana yao ilikuwa sheria isiyo na udhuru wala msamaha. Hakuna anayesimama karibu na shafti inayozunguka akiwa na mkono wa nguo ulioshuka, kwa sababu shafti ikinasa kitambaa haiulizi mwenyewe ni nani. Baba ndiye aliyewafundisha wanagenzi sheria hiyo, na alikuwa ameshawafukuza watu mlangoni kwa sababu yake. Angeweza kurudi nyuma hatua chache na asingelaumiwa. Niliona macho yake yakipima umbali wa mlango.

Kisha akamgeukia mama. Akauinua mkono wa kulia akiushika kwa wa kushoto, akamnyooshea.

"Nikunjie," akasema.

Mama alikunja. Alikunja polepole, kunjo juu ya kunjo, sawasawa, hadi juu ya kiwiko, kama alivyokuwa akimkunjia zamani asubuhi za kazi kabla sijazaliwa, ninavyoamini. Mkono ukatokea: mwembamba, uliopauka kwa kukosa jua, vidole vimejikunja ndani. Hakuna aliyejua aangalie wapi.

"Ala!" ikatoka sauti ya muuza matumbo. "Kumbe mkono uko? Sisi tulidhani uliuza kwa watu wa vyuma!"

Kicheko kilipasuka uani, na cha baba ndani yake, kile cha upande mmoja. "Bei yao mbaya," akasema. "Zungusha!"

Gurudumu liliguna, likazunguka. Pembe ikaukamata mchi wa kwanza, ikauinua, ikauachilia, na ardhi ya Makongeni ikatetemeka chini ya viatu vyetu. Wa pili. Wa tatu. Baba alikuwa amechora mstari wa chaki kwenye kila mchi, akaniashiria niangalie. Kila mchi ulipoinuliwa ulijigeuza kidogo, mstari ukasogea, ili usilike chini upande mmoja tu. Alikuwa akitazama chaki ile jinsi watu wengine wanavyotazama mtoto anayejifunza kutembea. Mama alikuwa akimtazama yeye.

Unga ulipotoka mama aliuosha kwenye karai, akilizungusha kama baba alivyomwelekeza kwamba bibi alifanya. Tope lilimwagika kidogo kidogo. Mwishowe pembeni, kwenye kitako cha karai, ulibaki mstari wa manjano, mwembamba kama uzi wa kufumia shuka.

"Mathe, tumeomoka!" muuza matumbo akapiga kelele. "Naachana na matumbo leo!"

"Usiachane," baba akasema. "Hiyo haizibi hata jino la panya."

Lori lilikuja mwezi uliofuata. Wanaume wa mtaa walipakia kinu, na dereva akatenga nafasi mbele kwa watu wawili. Mimi nilibaki kulinda nyumba. Mama alinipigia simu jioni ya siku waliyofika shuleni, na nilijua nitakachomuuliza kabla hajamaliza salamu, kwa sababu kule hakuna kuonana bila kupeana mikono, na wangekuwa wengi.

"Watu walimsalimu?"

"Walipanga mstari," mama akasema. "Walimu, wazee, watoto, ukoo wote. Nikajua hapa ndipo atasema anaumwa kichwa. Akamtolea wa kwanza mkono wa kushoto."

"Halafu?"

"Ni mzee mmoja, wa rika lake. Aliuangalia. Akahamisha fimbo, akatoa wa kushoto pia. Yule wa nyuma akatoa wa kushoto. Mstari mzima, mwanangu. Mpaka vitoto. Wengine walichanganyikiwa wakatoa yote miwili." Nikasikia watu wakicheka kwa mbali na chuma kikigongwa. "Sasa hivi anakula uwanjani, na watu."

Kisha simu ilichukuliwa kutoka mkononi mwake, na sauti nzito ikaingia bila hujambo.

"Wamemwaga zege hapa bila pimamaji," baba akasema. "Unasikia? Kinu kimeinama. Mama yako anasema kiko sawa, na yeye anapimia jicho. Hatuwezi kurudi wiki hii."